Bonyeo la Pikipiki ya Bwana Haraka

Mkono wangu wa kushoto una vidole vinne na nusu, na hiyo nusu ndiyo cheti changu cha kwanza. Cheti cha pili kiliandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi, nami nitawaeleza nilivyokipata ingawa hakuna aliyeniuliza. Mwalimu wenu wa karakana alinijia nyumbani Mabawa akaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kuwatia moyo vijana. Ya kutia moyo sina mengi. Ninayo ya kuchekesha, na moja la aibu.

Shikamoo zenu amenifikishia, marahaba. Naambiwa siku hizi mashine huandikiwa vipimo kwenye kioo, ukabonyeza, ukakaa kando na simu yako, chuma kikajichonga chenyewe. Sikatai, ni maendeleo. Nauliza tu: umeme ukikatika, nyinyi ni mafundi wa nini?

Sisi tulikuwa na kerezo moja, ile mashine inayozungusha chuma ili kisu kikichonge. Lilikuwa katika karakana ya shamba la mkonge, kwenye njia ya Pangani, miaka ile ya hamsini ambapo Tanga nzima ilikula na kulala kwa mkonge. Kerezo lenyewe halikuwa na mota. Lilizungushwa na mkanda wa ngozi uliotoka darini, kwenye mhimili mrefu uliozungushwa na injini ya nje. Siku moja niliugusa mkanda ule nione kama umelegea. Haukuwa umelegea.

Aliyenifunga kile kidole kwa kitambaa chake cha Jumapili ndiye aliyenifundisha kazi: Fundi Petro Mhina, Mbondei wa Muheza, mfupi, mwenye miwani iliyokazwa kwa waya wa shaba. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Siku sita zilizobaki alikuwa mtu wa kejeli. Alipomaliza kufunga kidole akaniambia, "Mwanangu Salehe, mkanda umepimwa. Sasa rudi kazini."

Yeye ndiye aliyenitoa banda la brashi. Nyinyi hamkuliona, nami nawaombea msilione. Humo singa za mkonge zilisuguliwa mpaka zikalainika, na vumbi lake lilikuwa zito kiasi kwamba mtu aliye hatua tano mbele yako unamjua kwa kikohozi chake. Kaka yangu Mbwana alifanya kazi humo miaka saba. Alipotoka hakuweza kupanda ngazi ya msikiti bila kukaa katikati. Mimi nilikaa miaka miwili, na kila nilichokifanya baadaye, kizuri na kibaya, nilikifanya kwa kuogopa kurudishwa mle. Naomba mlishike hilo mnaposoma, maana nitalihitaji kama utetezi.

Kazi yetu karibu yote ilikuwa ya sampuli. Kitu kikivunjika kwenye mtambo wa kusindika mkonge, mtu analeta kile kilichovunjika, anakitupa mezani, anasema, "Nataka kama hiki." Michoro hakuna. Kitabu hakuna. Unapima cha zamani, unachonga kipya. Ni kazi rahisi, utasema. Nami nilisema hivyo.

Mwezi wangu wa pili nililetewa mhimili wa pampu. Nikaupima kwa uangalifu wa mtu anayetafuta sifa. Nikachonga mwingine unaofanana nao kila mahali, mpaka pale katikati palipokuwa pembamba kidogo, na pale mwishoni palipoelemea upande. Nikaupaka mafuta, nikampelekea Fundi Mhina kwa mikono miwili kama sahani ya pilau.

Akauzungusha mbele ya miwani. "Hongera, mwanangu. Mhimili huu ulichukua miaka sita kuchakaa. Wewe umeuchakaza kwa siku moja."

Nilikuwa nimenakili ugonjwa pamoja na mgonjwa. Ule wembamba haukuwa umbo la mhimili. Ulikuwa umeliwa na kazi. Basi mara iliyofuata nikajifanya mjuzi. Nililetewa kipande cha chuma chenye mpindo, nikasema haya, huu nao ni uchakavu, nikakinyoosha. Kumbe kilizaliwa na mpindo wake. Mtambo ulisimama siku nzima, na Fundi Mhina akanitambulisha kwa kila aliyeingia karakana kuwa ni Salehe, mtu aliyemnyoosha kibyongo akamvunja mgongo.

Kwa hiyo nawapa bure kitu kilichonigharimu heshima: sampuli inakuonyesha ilivyo leo, haikwambii ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Lazima umuulize mtu. Imefanya kazi gani? Imegongwa na nini? Nani aliitengeneza kabla yako? Fundi asiyeuliza anatengeneza makosa ya wenziwe kwa ustadi mkubwa. Nililijua hilo vizuri. Na nilikuja kulisahau siku ambayo sikupaswa kulisahau.

Sasa Bwana Haraka.

Huyo alikuwa meneja wa shamba, Mzungu mwekundu wa uso, na jina hilo tulimpa sisi kwa sababu ndilo neno la Kiswahili alilolitamka vizuri. Alikuwa na pikipiki nyeusi kubwa aliyoipenda kuliko kitu chochote kilichopumua. Na pikipiki hiyo, ubavuni mwa tangi la mafuta, upande wa kulia, ilikuwa na bonyeo la ukubwa wa kiganja.

Bonyeo hilo lilikuwa na historia mbili. Ya kwanza ilisimuliwa kwenye klabu ya Wazungu mjini: kwamba Bwana Haraka, akitoka Pangani, alivamiwa na nyati dume aliyechomoka kichakani, akampiga tangi kwa pembe, naye bwana akashika usukani kwa mkono mmoja na kumfukuza nyati kwa mkono wa pili. Wake za Wazungu walishika vifua. Kila mgeni alipelekwa nje kuonyeshwa bonyeo, naye bwana alilipapasa kama mtu anayepapasa kovu lake mwenyewe.

Historia ya pili tuliijua sisi sote, kwa sababu ilikuwa na shahidi. Jumamosi moja mchana, bwana akitoka kula na kunywa kwa rafiki yake Pangani, aliiacha barabara kwa hiari yake akaugonga mnazi. Juu ya mnazi alikuwepo mkwezi. Mkwezi yule alishuka akitetemeka, akamwinua bwana, akaiinua pikipiki, akarudi kuokota madafu yaliyoanguka kwa mshindo. Jioni karakana nzima ilikuwa na habari. Tulinyoosha usukani, tukabadilisha taa, lakini tulipotaka kuligonga tangi lirudi, bwana alipiga kelele, "Hapana gusa! Hiyo ya nyati!" Likapakwa rangi nyeusi lilivyo, likang'aa.

Mwaka huohuo ikatangazwa kwamba klabu itafanya maonyesho ya kazi za mikono. Kila mwanachama alete kitu alichokitengeneza mwenyewe, na kilicho bora kitapewa utepe. Bwana Haraka akaingia karakana asubuhi, akiisukuma pikipiki.

"Salehe! Wewe natengeneza hii, lakini kidogo. Kidogo sana. Mimi naweka juu ya meza."

"Ndogo kiasi gani, bwana?"

"Moja kwa kumi."

Fundi Mhina hakuinua macho kwenye tupa yake. "Moja kwa nane, bwana."

"Kwa nini nane?"

"Rula ya bwana imegawanywa kwa nane. Akigawa kwa kumi huyu, pikipiki itatoka na magurudumu ya baiskeli."

Alisema kweli. Inchi zetu ziligawanywa kwa nane, kwa hiyo kila inchi ya pikipiki kubwa ningeifanya nukta moja kwenye rula, bila hesabu za kunichanganya. Mkipewa kazi ya kupunguza kitu, tafuteni kwanza kipimo kinachokubaliana na zana yenu, ndipo mzungumze na mwenye kazi. Wenye kazi wanapenda kumi kwa sababu inasikika vizuri mdomoni.

Bwana akakubali nane, kisha akainama karibu yangu. "Wewe napima yote. Spoki, nati, yote. Hapana sahau kitu. Na bonyeo ya nyati, weka! Kazi ikiwa sawasawa, mimi nasaini barua yako. Lakini mdomo," akaubana wake kwa vidole viwili, "funga. Pikipiki kidogo natengeneza mimi."

Barua aliyoisema ilikuwa ya daraja la kwanza. Bila barua hiyo, iliyotiwa sahihi na meneja, mtu hakukabidhiwa kerezo. Fundi Mhina alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu arudi Muheza. Siku akiondoka, kama sina barua, angeletwa fundi kutoka mjini, nami ningerudi banda la brashi kumtambua kila mtu kwa kikohozi chake. Kwa hiyo nilijibu, "Ndiyo, bwana," kabla hajamaliza kuubana mdomo.

Wiki saba niliifanya kazi ile. Sijapata kufanya kazi nzuri kuliko hiyo, na nasema hivi nikiwa nimechonga vyuma vya meli.

Silinda ya injini ina mapezi ya kupoza, yale mabati membamba yaliyopangana. Kwenye pikipiki yangu yalikuwa kumi na moja, na nafasi kati ya pezi na pezi haikuingiza ukucha. Hakuna kisu cha kerezo chembamba hivyo. Nilichukua kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, nikakinoa kwenye jiwe mpaka kikawa kama kucha ya paka, nikakifunga mahali pa kisu. Silinda nne ziliharibika. Ya tano nilikuwa nimefika pezi la kumi, Fundi Mhina akapiga chafya. Ya sita ndiyo iliyokubali, na siku hiyo nilimwomba akae nje.

Alumini niliyeyusha kutoka kwenye pistoni mbovu ya lori. Spoki nilifumua waya wa breki ya baiskeli, uzi mmoja mmoja. Matairi ni mpira wa tyubu nilioukata na kuusugua kwa msasa huku ukizunguka kwenye kerezo, na harufu yake haikunitoka nywelini mpaka Idi. Tangi nililifua kwa bati la shaba juu ya kibao cha mpingo, kwa nyundo ndogo niliyoiazima kwa sonara.

Nati ndizo zilizonitoa machozi. Nati ya ukubwa wa punje ya mtama ikiruka kutoka kwenye koleo, imeondoka duniani. Nilipoteza tisa kwa siku moja kwenye sakafu ile iliyojaa chembe za chuma. Mwishowe nikatandika kanzu yangu ya Ijumaa chini ya kerezo, maana ndiyo nguo nyeupe pekee niliyokuwa nayo. Nati zikaanza kuonekana. Mama yangu naye, nyumbani kwetu Chumbageni, akaiona kanzu.

"Salehe, hii ni kanzu au ni kitambaa cha gereji?"

"Mama, ni kazi ya bwana mkubwa."

"Basi Ijumaa umfuate huyo bwana mkubwa akuswalishe!"

Alinifulia, lakini kwa wiki mbili hakunipa kitoweo cha maana.

Nikabakiza bonyeo. Hapa ndipo ninapotaka mniangalie vizuri. Ningeweza kuligonga mara moja kwa nyundo, likatokea bonyeo lolote, kazi ikaisha. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa na sifa, na nilikuwa nimeagizwa nisisahau kitu. Nikachukua nta ya nyuki, nikaipasha moto, nikaikandamiza kwenye bonyeo la pikipiki kubwa. Nta ilipotoka nikawa na umbo lake kamili mkononi. Rangi nyeusi ilikuwa inadanganya macho, nta haikudanganya. Bonyeo lilikuwa refu la wima kama mfereji, na ndani yake mlikuwa na matuta matatu madogo, moja juu ya jingine, yaliyolingana nafasi.

Sikuuliza matuta hayo yametoka wapi. Mimi, niliyechekwa mwezi mzima kwa kutouliza! Nilipima, nikagawa kwa nane, nikayaweka. Nilitengeneza kichapio cha chuma chenye umbo la ile nta, nikakipiga kwenye tangi langu dogo, likatokea bonyeo zuri lisilo na mfano. Nikalipaka rangi nyeusi nyembamba, nikalisugua mpaka mwanga wa dirishani ukaonekana ndani yake.

Fundi Mhina aliishika pikipiki ndogo muda mrefu. Akayazungusha magurudumu. Akasukuma kistarta, kile kikanyagio cha kuwashia, kwa ncha ya sindano. Alipofika kwenye bonyeo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeliweka kama lilivyo?"

"Kama lilivyo, mwalimu."

"Haya," akasema, na mabega yake yakacheza kidogo. Nilidhani amefurahi kazi.

Siku ya maonyesho, Jumamosi alasiri, mimi na Fundi Mhina tuliibeba pikipiki ndogo ndani ya sanduku mpaka ukumbi wa klabu. Tuliingia kwa mlango wa jikoni. Ndani meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, na juu yake kazi za mikono ya wanachama: maua, jamu, vikapu, viti vidogo, mashuka yaliyotariziwa. Ukutani, tumesimamishwa kwa mstari tusubiri kubeba vitu wakati wa kuondoka, tulikuwa sisi watumishi. Nikaanza kuwatazama jirani zangu. Aliyesimama kulia kwangu ni mtunza bustani aliyeyalima yale maua. Aliyefuata ni mpishi aliyeikoroga ile jamu. Yule wa mwisho, kipande cha mtu kutoka Lushoto, ndiye aliyechonga viti. Mpishi akaninong'oneza, "Wewe umeleta nini?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Mimi mwaka jana nilipata wa pili," akasema.

Basi tukasimama pale, mafundi wote wa maonyesho, tukitazama kazi zetu zikisifiwa.

Kwenye pikipiki yangu watu walijaa. Na hapa nilijifunza jambo ambalo hakuna kitabu kitakachowafundisha: kitu kikubwa watu hukipita, kitu kidogo hukiinamia. Pikipiki kubwa ilikuwa ikiegeshwa nje ya klabu ile kila Jumamosi, na hakuna aliyeinama kulitazama bonyeo. Walisikiliza hadithi, wakaona weusi unang'aa, wakarudi kwenye vinywaji. Lakini ile ndogo kila mtu aliiinamia mpaka pumzi yake ikafifisha rangi.

Mkuu wa majaji alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa mhandisi wa meli zamani, na sasa mwenye shamba la minazi upande wa Pangani. Alitoa kioo cha kukuzia mfukoni. Walizungumza Kiingereza, ambacho nilikuwa nakisikia kwa masikio ya karakana, yaani nusu yake na matusi yote.

"Mapezi haya," akamuuliza Bwana Haraka, "umeyakata kwa nini?"

"Kwa kisu," akasema bwana.

"Kisu gani?"

Bwana akafikiri. "Kikali."

Mzee akamtazama juu ya kioo, akarudi kazini. Akapita spoki, akapita cheni, akafika ubavuni mwa tangi. Bwana Haraka akaona nafasi yake imefika, akaanza hadithi ya nyati kwa sauti ya ukumbi mzima. Kichaka kikachezacheza, nyati akachomoka, pembe ikapiga. Mzee mwenye minazi bado ameinama. Hadithi ilipofika kwenye mkono mmoja wa usukani, akanyanyua kichwa.

"Ajabu," akasema polepole. "Nimekaa pwani hii miaka mingi, sijamwona nyati aliyekatwa vipandio vya mkwezi."

Watu hawakuelewa. Akawapa kioo. Mmoja mmoja wakaangalia: alama ya shina la duara, na matuta matatu palipoingia mikato ya kuwekea mguu, imelingana, kila mmoja juu ya mwenzake. Kila mwenye mnazi Tanga anaijua mikato ile. Mkwezi hawezi kupanda bila hiyo. Mwanamke mmoja akacheka kwanza, akaziba mdomo, ikawa kama amefungulia bomba. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Ndipo nilipoyaelewa matuta yangu matatu.

Bwana Haraka akawa mwekundu, kisha mweupe, kisha rangi nisiyoijua. Na hasira ikamponza. Akageuka ukutani akanyoosha kidole. "Ni huyu mpumbavu! Yeye ndiye aliyeliharibu! Yeye ndiye aliyetengeneza!"

Kicheko kikakatika. Hebu fikirini, vijana. Ili alikane bonyeo, ilibidi aitoe pikipiki nzima. Na si hivyo tu: swali la nani ametengeneza nini likawa limesimama katikati ya ukumbi ule, na hakuna mwanachama aliyetaka lipige hata hatua moja mbele. Nilimwona mwenye jamu akitazama dari. Mwenye maua akafungua mkoba wake akafunga tena. Upande wetu wa ukuta hakuna aliyekohoa.

Mzee wa minazi akaja mpaka mbele yangu. Akaniuliza kwa Kiswahili kizuri cha Pangani, kwa upole, "Ni wewe uliyeitengeneza?"

Nilimwona Bwana Haraka nyuma yake. Niliiona barua. Nililiona banda la brashi na kaka yangu amekaa katikati ya ngazi. Nikisema ndiyo, kicheko chote kile ni changu na barua imekwenda. Nikisema hapana, nimeikana kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Mdomo ulikuwa wazi, na hakuna kilichotoka.

Fundi Mhina akapiga hatua moja mbele.

"Ni mimi, bwana. Huyu alinishikia taa tu. Pikipiki yote nimeitengeneza mimi." Akaikaza miwani yake ya waya. "Bonyeo tu ndilo kazi ya mikono ya bwana mwenyewe."

Mpishi wa jamu alilazimika kutoka nje.

Majaji wakakutana pembeni kwa haraka, na mnadhani waliamua nini? Walimpa Bwana Haraka utepe wa pili. Ndiyo. Wangempokonya, ingebidi waulize na meza nyingine zote. Wakampigia makofi ya nguvu, wakamfunga mdomo kwa hariri ya buluu, na jamu ikachukua wa kwanza.

Njiani kurudi, sanduku likiwa kati yetu, nilitaka kusema kitu. Fundi Mhina akanitangulia. "Nililiona bonyeo siku ile karakana. Nilijua matuta yale ni vipandio vya mnazi. Nilidhani hakuna Mzungu atakayeinama kiasi hicho, nikaliacha nicheke moyoni. Kosa ni la wawili, na mimi nimebakiza miezi mitatu. Wewe umebakiza miaka thelathini."

Hakuipata hata hiyo mitatu. Jumatatu asubuhi aliambiwa atoke kwenye nyumba ya shamba kabla ya saa sita. Hakuna chai ya kumuaga, hakuna barua ya utumishi mwema, na sisi wa karakana tulikatazwa kumsindikiza. Miaka ishirini na minane kwenye kerezo lile, akapanda juu ya lori la mkonge na sanduku lake na godoro. Nilimwona kupitia dirishani. Nilikuwa nimeshika kazi.

Alasiri ileile Bwana Haraka alitia sahihi barua yangu. Kerezo lilihitaji mtu.

Niliipata miaka yangu thelathini, na ziada. Nilioa, nikajenga hapa Mabawa, kifua changu kizima. Bwana Haraka aliondoka mwaka uliofuata. Shamba zima lilikuwa likimwita Bwana Mnazi, na hata Wazungu wenziwe walikuwa wamelijua jina.

Nilikwenda Muheza mara moja kumwona Fundi Mhina. Nilimkuta barazani kwake akitengeneza baiskeli, akiwa na jiliwa moja la kubania chuma na tupa mbili. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi tangu stesheni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kerezo halijambo?"

"Halijambo. Mwalimu, ile siku ya klabu..."

"Mkanda walibadilisha?"

"Walibadilisha. Nilitaka kusema kwamba ile siku..."

"Nishikie hapa gurudumu," akasema, "usiachie."

Nikashika gurudumu mpaka gari la kurudi lilipokaribia. Mkewe alinipa ndizi za kupeleka kwa mama. Hakunipa nafasi ya kusema, na ninakiri kwamba mara ya tatu sikujaribu sana. Alifariki kabla sijarudi tena.

Mafundi wa zamani wa Tanga, wachache waliobaki, bado wanaisimulia pikipiki ile. Wanasema Mhina wa Muheza alimtengenezea Mzungu pikipiki ndogo iliyomuumbua mbele ya wenziwe. Nimeisikia hadithi hiyo msibani, harusini, kwenye mchezo wa bao, na mara zote nilikuwepo nikitikisa kichwa kama mtu aliyeshika taa.

Basi andikeni kwenye madaftari yenu. Pikipiki ile niliitengeneza mimi, Salehe wa Chumbageni: mapezi kumi na moja, spoki, nati, tangi, na lile bonyeo na matuta yake matatu ambayo sikuyaulizia. Fundi Mhina hakugusa hata spoki moja. Niliulizwa, na nilinyamaza.